KIDONGE CHA KINGA NA NIDHAMU YA ASKARI
(Mazungumzo baada ya taarifa ya habari)



Tarehe 26 Septemba 2024, wajumbe wa mataifa walikutana katika Umoja wa Mataifa mjini New York, wakapitisha azimio kuhusu adui asiye na mizinga wala ndege za kivita. Adui huyo ni usugu wa vijidudu dhidi ya dawa. Mataifa yalikubaliana kwamba ifikapo mwaka 2030, vifo vinavyohusiana na bakteria sugu vipunguzwe kwa asilimia 10. Vifo hivyo, kwa makadirio ya wataalamu, vilikuwa karibu milioni 5 duniani kote katika mwaka 2019, na kati ya hivyo milioni 1.27 vilitokana moja kwa moja na usugu huo.

Askari aliye zamu anaweza kuuliza: azimio la New York linamhusu nini mlinzi wa pwani ya Rongui? Jawabu ni kwamba linamhusu sana, kwa kuwa vita hivyo havipiganwi New York. Vinapiganwa katika mfuko wa shati la askari, mahali anapoweka vidonge vyake.

Rongui ni kisiwa kidogo kilicho mbele ya pwani ya wilaya ya Palma, katika upande wa kaskazini wa visiwa vya Quirimba, jimbo la Cabo Delgado, nchini Msumbiji. Si mbali na hapo Mto Ruvuma unaingia baharini, na ng'ambo yake ni Tanzania. Bahari hii ni ya wavuvi na mashua, na wakazi wa pwani yake husema Kimwani, Kimakwe, Kimakonde na Kiswahili. Lakini tangu shambulio la mji wa Palma la tarehe 24 Machi 2021, pwani hii imekuwa pia mahali pa askari. Mwezi Julai mwaka huo vikosi vya Rwanda viliingia Cabo Delgado kuwasaidia askari wa Msumbiji. Mwezi huo huo ulianza ujumbe wa kijeshi wa nchi za Kusini mwa Afrika, ambao ulikuwa na askari wa Tanzania miongoni mwao, na ambao ulimaliza kazi yake mwaka 2024.

Miongoni mwa waliotumwa na ujumbe huo walikuwamo askari wa Lesotho, nchi ya milima ambayo haina malaria. Hapo ndipo penye mkazo wa mazungumzo haya. Mtu aliyezaliwa na kukulia pwani ameumwa malaria mara nyingi tangu utotoni, na mwili wake umejifunza kiasi fulani cha kujihami. Mtu aliyetoka nchi ya baridi hana ngao hiyo. Mbu mmoja wa usiku mmoja anaweza kumtoa katika safu kwa wiki kadhaa, au kumtoa kabisa.

Historia ya Palma yenyewe inashuhudia. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1916, jeshi la Wareno liliteremka Palma likiwa na nia ya kuvuka Ruvuma na kuwashambulia Wajerumani. Katika vita vyote vya Wareno kaskazini ya Msumbiji, malaria, kuhara damu na maradhi mengine vilipoteza askari wengi kuliko risasi za adui. Jeshi lilikuwa na bunduki, likakosa afya. Na jeshi lisilo na afya ni umati wa watu waliolala.

Leo askari ana silaha ambayo wale wa mwaka 1916 hawakuwa nayo. Mojawapo ni dawa iitwayo doksisaiklini. Dawa hii ni ya jamii ya tetrasaiklini, na imekuwa ikitumiwa na matabibu tangu mwaka 1967. Kwanza kabisa ni antibiotiki, yaani dawa ya kuua au kuzuia bakteria. Hutibu baadhi ya maradhi ya zinaa, homa za kupe, baadhi ya maradhi ya mapafu na ya ngozi, na husaidia katika kipindupindu. Lakini ina sifa nyingine iliyoifanya ipendwe na madaktari wa majeshi: humzuia mdudu wa malaria asistawi katika damu. Kwa sababu hiyo askari wanaopelekwa katika nchi za malaria kwa muda hupewa kidonge kimoja cha miligramu 100 kila siku.

Ni vema ieleweke jinsi kinga hiyo inavyofanya kazi, maana anayejua sababu ya amri huitii vizuri zaidi. Mbu anapomwuma mtu, mdudu wa malaria haendi moja kwa moja kuishi katika damu. Kwanza hujificha ndani ya ini kwa siku kadhaa, akizaliana. Baadaye ndipo hutoka na kuingia katika chembechembe za damu, na hapo homa huanza. Doksisaiklini haitegemewi kumwua mdudu aliye mafichoni. Kazi yake ni kumvizia atokapo katika ini, nayo hufanya kazi hiyo polepole. Kwa hiyo ni sawa na mlinzi aliyewekwa langoni. Mlinzi akiondoka langoni kwa siku mbili, adui atapita katika siku hizo mbili.

Kutokana na maelezo hayo, kanuni tatu zinafuata. Kwanza, kidonge huanza kumezwa siku moja au mbili kabla ya kuingia katika eneo la malaria. Pili, humezwa kila siku bila kuruka, na ikiwezekana saa ile ile. Tatu, na hii ndiyo husahauliwa na wengi, huendelea kumezwa kwa wiki nne kamili baada ya askari kuondoka katika eneo hilo. Askari aliyeumwa na mbu katika usiku wake wa mwisho Palma anaondoka na adui ndani ya ini. Akifika nyumbani, akafurahi na watoto, akatupa vidonge vilivyobaki, amemwondoa mlinzi langoni wakati adui ndiyo kwanza anajiandaa kutoka. Wiki ya pili au ya tatu homa humwangusha. Na kwa kuwa yuko katika nchi isiyo na malaria, yeye na jamaa zake hudhani ni mafua. Malaria kali haingoji watu wamalize kudhani.

Mambo haya si nadharia. Mwaka 2003, askari wa miguu wa majini wa Marekani waliteremka Liberia, Afrika ya Magharibi, kwa muda mfupi. Kati ya askari 290 hivi waliokanyaga nchi kavu, 80 waliugua malaria. Walikuwa wamepewa dawa ya kinga, ya aina nyingine na hii, dawa nzuri tu. Uchunguzi ulionyesha kwamba wengi hawakuimeza kama walivyoagizwa, na kwamba kinga nyingine dhidi ya mbu zilipuuzwa. Taifa lenye utajiri kuliko yote lilishindwa na mbu, kwa sababu dawa iliyo mfukoni haimkingi mtu.

Sasa na yaangaliwe matumizi yenyewe, maana kidonge hiki kina adabu zake.

Na uchukuliwe mfano wa askari kijana aliye katika doria ya mashua. Amerejea kituoni usiku, amechoka, akakumbuka kidonge chake. Maji yako mbali. Akakimeza kwa mate, akajinyoosha kitandani. Asubuhi anamwendea tabibu wa kikosi, mkono kifuani.

"Afande, tangu alfajiri kifua kinawaka. Hata mate hayapiti."

"Kidonge ulikimeza kwa maji kiasi gani, kijana?"

"Kwa mate tu, afande. Kisha nikalala."

"Basi hakikufika tumboni. Kimekwama njiani, kikakuchoma."

Tabibu huyo amesema kweli. Doksisaiklini ikikwama katika umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni, huchubua na kufanya kidonda kinachouma sana. Dawa ya kuepuka hayo ni rahisi: kidonge kimezwe kwa gilasi nzima ya maji, mtu akiwa amesimama au ameketi wima, na asilale kwa muda usiopungua nusu saa. Vema zaidi ni kukimeza pamoja na chakula, cha asubuhi au cha jioni, kwa kuwa wengi hupata kichefuchefu wakikimeza tumbo likiwa tupu. Asubaki mtu na desturi ya kumeza dawa dakika ya mwisho kabla ya usingizi.

Adabu ya pili ni juu ya vitu vinavyoshindana na dawa hii tumboni. Dawa za kiungulia, vidonge vya madini ya chuma vya kuongeza damu, na vile vya chokaa ya mifupa, huishika doksisaiklini na kuizuia isiingie mwilini. Vitu hivyo vitenganishwe na kidonge kwa saa mbili au tatu. Maziwa nayo huipunguza nguvu, ingawa si kwa kiasi hicho. Kwa hiyo kidonge kisindikizwe kwa maji, wala si kwa maziwa.

Adabu ya tatu ni juu ya jua. Doksisaiklini hufanya ngozi ya baadhi ya watu iungue upesi juani. Askari wa doria baharini anapigwa na jua mara mbili: linalotoka juu na linalorudishwa na maji. Wala weusi wa ngozi si hakikisho la kusalimika. Mikono mirefu ya shati, kofia yenye ukingo, na kivuli pale kinapopatikana, ni sehemu ya dozi. Mikono mirefu hiyo hiyo, jua likishatua, humzuia mbu. Hivyo vazi moja hutumika katika vita viwili.

Adabu ya nne ni hifadhi. Visiwani kuna joto, mvuke wa bahari na maji ya chumvi. Dawa za jamii ya tetrasaiklini zikioza kwa joto na unyevu hazipotezi nguvu tu. Imewahi kuonekana kwamba tetrasaiklini iliyoharibika iliwadhuru watu figo. Vidonge vikae katika kifungashio chake, ndani ya chombo kikavu kinachofungwa vizuri, mbali na jua. Vikibadilika rangi, vikilainika, au tarehe yake ikipita, virudishwe kwa tabibu.

Askari akisahau kidonge, akimeze mara akumbukapo. Ikiwa wakati wa kidonge kingine umekaribia, basi amkabili huyo anayefuata na kuendelea na ratiba. Asimeze viwili kwa pamoja kufidia. Kufidia dawa si sawa na kufidia zamu.

Wako ambao dawa hii haiwafai au inahitaji ushauri wa tabibu kwanza. Askari wa kike aliye mjamzito aseme mapema, kwa kuwa dawa za jamii hii zinaweza kudhuru meno na mifupa ya mtoto aliye tumboni. Tabibu atampa kinga nyingine. Watoto wadogo wasipewe vidonge vya baba yao, hata kama mama yao ameomba kwa nia njema. Anayetumia dawa za kifafa au za kuzuia damu kuganda amwarifu tabibu, maana dawa hizo na hii huathiriana. Na yeyote aliyewahi kuvimba uso au kutoka vipele baada ya kumeza tetrasaiklini asijaribu tena.

Zipo pia dalili ambazo si za kuvumilia kwa ushujaa: vipele vinavyoenea, kuvimba midomo au kukosa pumzi, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu, kuhara sana au kuhara damu. Mwenye mojawapo ya dalili hizo aache kidonge na aonwe na tabibu siku hiyo hiyo. Katika kisiwa, siku hiyo hiyo maana yake ni kutoa taarifa asubuhi, kabla upepo haujaichafua bahari na mashua kushindwa kuvuka.

Jambo jingine la kusisitizwa ni kwamba kinga hii haifikii asilimia 100. Chandarua, dawa ya kupaka na mikono mirefu havijafutwa na kidonge. Askari mwenye homa, hata kama hajaruka kidonge hata kimoja, apimwe damu. Akionekana na malaria, apewe dawa mseto ya kutibu malaria. Asijitibu kwa kuongeza vidonge vya kinga, kwa sababu mlinzi wa langoni, kama ilivyosemwa, ni wa polepole. Hawezi peke yake kumfukuza adui aliyekwisha kuiteka nyumba.

Hapo linaingia suala la matumizi mabaya, ambalo ndilo lililowakutanisha wajumbe New York.

Vidonge vya rangi mbili vimezoeleka sana katika vijiji na kambi. Mtu akipiga chafya, rangi mbili. Akiumwa mgongo, rangi mbili. Akijikata, hufungua kidonge na kunyunyiza unga kidondani. Mafua hayaletwi na bakteria, kwa hiyo antibiotiki haiyafanyi lolote. Mgongo uliochoka kwa kubeba mzigo haukuombea dawa. Kila kidonge kilichotumiwa bila sababu kimewafundisha bakteria waliomo mwilini jinsi ya kuishi na dawa hiyo.

Onyo hili ni la zamani kama antibiotiki zenyewe. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipokuwa akipokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alitahadharisha kwamba mtu anayejipimia dozi ndogo atawafanya vijidudu wawe sugu, na kwamba vijidudu hao wanaweza kumwua mtu mwingine asiye na hatia.

Askari hawahitaji kutafuta ushahidi mbali. Ugonjwa wa kisonono umewafuata wanajeshi katika kila vita. Hapo kale penisilini iliutibu bila shida. Mwaka 1976 walionekana vijidudu vya kisonono vyenye uwezo wa kuiharibu penisilini. Tetrasaiklini ikafuata kushindwa, na dawa nyingine baada yake. Leo tegemeo kubwa ni sindano ya aina moja. Kwa hiyo askari anayeona usaha, akaficha kwa aibu na kumeza vidonge vyake vya malaria, anafanya makosa matatu kwa mpigo: haponi, anamwambukiza mwenzi wake, na anakula akiba ya kinga yake. Aibu ya dakika moja mbele ya tabibu ni nafuu kuliko utasa wa maisha.

Kuhusu siku za matibabu, kanuni ni moja. Tabibu akisema siku saba, ni siku saba. Si tatu kwa kuwa nafuu imepatikana, wala si kumi kwa kuwa vidonge vimebaki. Kupunguza na kuongeza vyote ni kuvunja amri.

Kadhalika kipindupindu. Cabo Delgado inakifahamu. Kimbunga Kenneth kilipoipiga pwani hiyo tarehe 25 Aprili 2019, kipindupindu kilifuata mjini Pemba katika muda wa siku chache. Katika ugonjwa huo, dozi moja ya doksisaiklini, kwa kipimo cha tabibu, humsaidia mgonjwa aliyepungukiwa sana na maji. Lakini kinachookoa maisha kwanza ni maji yenyewe. Pasipokuwa na pakiti za dawa ya kuhara, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi vinatosha kuanzia, wakati mashua inatayarishwa. Kuwagawia wanakijiji vidonge vya kikosi ili "wajikinge" si msaada. Ni kuwapa imani isiyo na msingi, na ni kuwaachia askari wenyewe lango wazi.

Tena askari na polisi wawe walinzi wa ukweli. Tarehe 7 Aprili 2024, chombo kilichojaa watu kupita kiasi kilizama katika pwani ya Nampula kikielekea Kisiwa cha Msumbiji, wakafa watu zaidi ya 90, wakiwamo watoto wengi. Wakuu wa serikali walieleza kwamba watu wale walikuwa wakikimbia kwa hofu iliyoletwa na uvumi wa kipindupindu. Uvumi uliua. Mtu mwenye sare anapoulizwa habari za dawa na maradhi, neno lake lina uzito. Akisema asichokijua, amefyatua risasi bila kulenga.

Mwisho, wajibu wa viongozi wa vikosi. Uzoefu wa majeshi mengi ni kwamba kidonge kinachogawiwa na kuachwa kwa hiari ya mtu husahauliwa, bali kidonge kinachomezwa pamoja, kwa saa maalumu, mbele ya kiongozi, na kiongozi akiwa wa kwanza kukimeza, hakisahauliwi. Kikosi kinachohesabu risasi kila jioni kinaweza pia kuhesabu vidonge. Na kikosi kinachorudi nyumbani kikabidhiwe vidonge vya wiki nne pamoja na maelezo, kama vile askari akabidhivyo bunduki kwa saini.

Ndugu wasikilizaji, mlinzi wa Rongui anatazama bahari usiku kucha ili adui asipite. Mlinzi huyo huyo, kulipopambazuka, anaketi na chakula chake na gilasi ya maji, anameza kidonge kimoja, kisha anakaa wima nusu saa. Zamu hizo mbili ni za ulinzi ule ule. Asiyeruka ya kwanza asiruke ya pili.